Lebo, kizuizi bandarini au ruzuku: kipi kitangulie ili friji zisitumalizie umeme?

Mama mmoja wa Mbagala, muuza barafu za ubuyu, aliniita nikamwongezee gesi kwenye friza yake. Nilipoifungua niliona gesi haina kosa. Mpira wa mlango ulikuwa umekakamaa na kupasuka pembeni, povu la kuzuia joto ndani ya kuta lilikuwa limeingia maji, na kompresa ilikuwa ikinguruma bila kupumzika tangu asubuhi. Friza hiyo ilishatumika nchi nyingine kabla ya kuvuka bahari kuja kwetu kama mtumba. "Fundi, friza hii inakula umeme kuliko faida ninayopata," aliniambia. "Mbona nilipoinunua hakuna aliyenieleza?"

Swali lake halijanitoka. Kabla hajatoa pesa, walikuwepo watatu ambao wangeweza kumwokoa. Wa kwanza ni muuzaji, kama sheria ingemlazimisha kubandika lebo inayosema friza inakula uniti ngapi kwa mwaka. Wa pili ni mkaguzi wa mizigo, kama friza ya namna ile ingekuwa hairuhusiwi kushushwa bandarini. Wa tatu ni serikali yenyewe, kama ingekuwa na mpango wa kumsaidia mtu wa kipato chake apate kifaa bora kwa bei anayoimudu.

Nchi zinazotaka kupunguza umeme unaopotea majumbani na maofisini huchagua kati ya njia hizo, au huzichanganya. Zote huitwa sera ya matumizi bora ya nishati, lakini hazilingani kwa gharama, kwa kasi, wala kwa mtu anayebebeshwa mzigo. Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili ya yeyote anayeitwa kutoa maoni kwenye rasimu ya kanuni: diwani, mwanachama wa kikundi cha walaji, ofisa wa wizara, au fundi mwenzangu. Msimamo wangu nautoa mapema ili msomaji aupime njia nzima: kizuizi bandarini kitangulie, lebo iende nacho bega kwa bega, na ruzuku ije baadaye kwa masharti.

Hesabu ya friji moja

Kabla ya kulinganisha sera, tuangalie ukubwa wa tatizo kwenye nyumba moja. Ghana, ilipoanza kupambana na friji za mtumba, ilikadiria kwamba friji ya kawaida ya nyumbani ilikuwa inakula karibu uniti 1,200 kwa mwaka. Hizo ni uniti 100 kila mwezi. Friji mpya iliyotengenezwa vizuri, ya kuitosha familia, inaweza kuishi na uniti 300 kwa mwaka au pungufu, yaani 25 kwa mwezi.

Sasa chukua bei za Tanzania zilizopangwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, mwaka 2016. Kaya iliyo kwenye daraja la D1, la watumiaji wadogo wa majumbani, hulipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi kufikia uniti 75 kwa mwezi, na zinazozidi hapo hulipiwa shilingi 350 kila moja, kabla ya kodi na tozo. Tuseme taa, televisheni, feni, pasi na kuchaji simu vinakula uniti 50. Ukiongeza friji bora ya uniti 25 unafika 75 barabara, na mwezi unakugharimu shilingi 7,500. Ukiongeza friji ya uniti 100 unafika 150, na hesabu inakuwa 7,500 ya mwanzo pamoja na 26,250 ya zile 75 zilizozidi, jumla shilingi 33,750. Kaya hiyo ikiendelea hivyo inahamishiwa daraja la T1, ambako kila uniti ni shilingi 292 tangu ya kwanza, na mwezi uleule unafika shilingi 43,800.

Hapo ndipo watu wengi wa sera hawafiki. Hutazama megawati za taifa, jambo ambalo ni kweli na lina uzito wake, lakini friji mbovu inamwondoa mtu wa kipato cha chini kwenye bei nafuu aliyowekewa na serikali yake mwenyewe. Ruzuku ya umeme inatolewa kwa mkono mmoja na kuliwa na kompresa kwa mkono mwingine. Kwa daraja la D1, tofauti ya mwaka mmoja ni shilingi 315,000. Ukinunua friji ya mtumba kwa sababu ni rahisi, bado bei yake unaendelea kuilipa kwenye LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, kila wiki.

Lebo: njia nyepesi, lakini haimfikii kila mtu

Kenya ndiyo mfano wa karibu. Mwaka 2016 ilitunga kanuni za ufanisi na lebo za vifaa vya umeme, zinazogusa friji, viyoyozi, mota na taa za fluoresenti. Mwagizaji au mtengenezaji anasajili kifaa chake kwa mamlaka ya nishati, ambayo leo ni EPRA, akiwa na majibu ya maabara, kisha anabandika lebo yenye nyota moja hadi tano. Nyota nyingi maana yake kifaa kinafanya kazi ileile kwa umeme mdogo zaidi.

Uzuri wa lebo ni kwamba haimgharimu mlipakodi fedha nyingi, haimkatazi mtu kununua anachotaka, na humpa muuzaji mwaminifu kitu cha kuonyesha. Duka lenye friji tatu zinazofanana kwa sura na ukubwa haliwezi tena kumwambia mteja kwamba zote ni sawa. Kwa mnunuzi aliyesoma, mwenye nafasi ya kusubiri na kuchagua, lebo inafanya kazi.

Shida ni kwamba wanunuzi wa namna hiyo ndio wachache. Lebo haisemi lolote kwa mpangaji ambaye kiyoyozi kilifungwa na mwenye nyumba, ilhali LUKU anaijaza yeye. Haisemi lolote kwenye ofisi ya umma ambako kitengo cha manunuzi kinapimwa kwa bei ya chini ya zabuni, na bili ya umeme inalipwa kutoka fungu jingine kabisa. Na kwenye soko la mtumba, lebo inakuwa karatasi tu, kwa sababu friji iliyokaa miaka 15 jikoni kwa mtu mwingine haiwezi kuwa na ufanisi uleule uliopimwa kiwandani.

Tena lebo huzeeka. Umoja wa Ulaya ulianza kubandika lebo za herufi A hadi G kwenye friji mwaka 1995. Viwanda vikapanda ngazi haraka hadi herufi A ikajaa, wakaongeza A+, kisha A++, kisha A+++. Mnunuzi aliyeona A+ alidhani ameshika kilele kumbe alikuwa karibu na mkia. Ilibidi kuufumua mfumo mzima, na tarehe 1 Machi 2021 wakarudi kwenye A hadi G za kawaida kwa vipimo vikali zaidi. India ilianza lebo za nyota mwaka 2006 kwa hiari ya mtengenezaji, ikazifanya za lazima kwa viyoyozi, friji zisizoganda barafu na vifaa vingine mwaka 2010, na hukaza vipimo baada ya kila miaka michache, hivi kwamba kiyoyozi cha nyota tano cha jana kinaweza kuwa cha nyota tatu leo bila chenyewe kubadilika. Kwa hiyo ukiona rasimu ya kanuni ya lebo isiyo na tarehe ya kukaza vipimo, irudishe.

Kuna jambo jingine dogo ambalo sisi mafundi tunalijua na watunga kanuni hulisahau. Friji nyingi zina alama ndani, karibu na kibandiko cha gesi: SN, N, ST au T. Ni alama ya hali ya hewa iliyokusudiwa. N maana yake friji imeundwa kwa chumba chenye joto la nyuzi 16 hadi 32, ST hadi 38, na T hadi 43. Friji ya SN au N iliyozoea jiko la Ulaya ukiileta Tanga au Mombasa mwezi wa Februari, ndani ya duka lenye bati bila dari, kompresa haitapumzika hata kama friji ni mpya. Kipimo cha kimataifa cha IEC 62552 hupima friji kwenye joto la nyuzi 16 na pia 32. Lebo ya kwetu isome hesabu ya 32, wala isichanganye na ile ya baridi.

Kiwango cha chini na kizuizi bandarini

Njia ya pili haimwombi mnunuzi achague vizuri. Inasema tu kwamba kifaa kinachokula umeme kupita kiwango fulani hakiuzwi nchini. Kifaa kibaya kuliko vyote hakiingii sokoni kabisa, na hata anayenunua kwa kufuata bei peke yake anaangukia kwenye kitu kinachofaa.

Marekani inaonyesha njia hii inafika wapi ikipewa muda. California ilianza kuweka viwango vya friji katika miaka ya 1970, na sheria ya nchi nzima ikapitishwa mwaka 1987. Viwango vikakazwa mara kadhaa baada ya hapo. Friji mpya ya Marekani leo inakula takriban robo ya umeme uliokuwa ukiliwa na ile ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, ingawa imekuwa kubwa zaidi, na bei yake halisi ilishuka badala ya kupanda. Kilichobadilika ni povu zito zaidi kwenye kuta, kompresa bora, mipira ya milango inayoshika, na feni ndogo zenye mota nzuri. Viwanda vilikuwa na ujuzi huo, vikautumia vilipolazimishwa.

Lakini Marekani inatengeneza friji, nasi kwa sehemu kubwa tunaagiza. Kwa hiyo mfano unaotufaa zaidi ni Ghana. Mwaka 2005 ilitunga kanuni za ufanisi na lebo kwa viyoyozi na taa za enejisava. Mwaka 2008 ikapitisha kanuni namba LI 1932, inayopiga marufuku kutengeneza, kuuza au kuingiza balbu za nyuzi, friji za mtumba, friza za mtumba na viyoyozi vya mtumba. Mwaka uliofuata ikaongeza kanuni ya lebo na ufanisi wa friji mpya. Utekelezaji wa marufuku ya friji za mtumba ukaanza kwa nguvu Januari 2013. Wafanyabiashara walilalamika, maana kulikuwa na soko zima la kuleta friji zilizokwishatumika kutoka Ulaya. Maelfu ya friji yalikamatwa na kuharibiwa. Serikali haikurudi nyuma.

Ninaheshimu sana uamuzi ule, na najua uchungu wake, kwa kuwa riziki ya mafundi wengi ninaowafahamu imetoka kwenye mtumba. Friji ya mtumba inampa kazi mchukuzi, mkwaruzaji wa kutu, mpaka rangi, mjaza gesi na dereva wa kirikuu. Marufuku ya ghafla inawafuta wote hao siku moja. Ndiyo maana nasema tofauti ya Ghana na nchi zinazotunga kanuni na kuziacha kabatini ni ile miaka mitano kati ya kuandika na kukamata. Muda huo si uzembe ukitangazwa tangu mwanzo. Mwagizaji anamaliza mzigo, fundi anajifunza kuhudumia friji mpya zenye gesi ya R600a, ambayo inawaka na inahitaji mkono wenye uangalifu, na maabara inajengwa.

Kwetu Afrika Mashariki, milango ya kuzuilia ipo tayari. Kenya tangu mwaka 2005 na Tanzania tangu mwaka 2012 zinakagua ubora wa bidhaa nyingi huko zinakotoka, kabla hazijapakiwa melini, na mzigo unakuja na cheti cha kufuata viwango. KEBS na TBS, mashirika ya viwango ya Kenya na Tanzania, hawahitaji kubuni ukaguzi mpya kutoka mwanzo. Kinachotakiwa ni kuongeza kipimo cha umeme kwenye orodha ya vinavyopimwa, pamoja na hatua ya pili ya kuchukua sampuli madukani mara kwa mara na kuipima hapa nyumbani, kwa sababu cheti cha karatasi kinaweza kudanganya na maabara haidanganyiki kirahisi. Ghana iliisaidia mamlaka yake ya viwango kupata maabara ya kupima friji, na bila hiyo kanuni ingekuwa mdomo mtupu.

Udhaifu wa njia hii uko kwenye mipaka. Mzigo wa Kampala, Kigali na Bujumbura unapita Mombasa au Dar es Salaam, na Zanzibar ina bandari yake na taasisi yake ya viwango. Nchi moja ikifunga mlango peke yake, friji zitatafuta mlango ulio wazi, kisha zitarudi kwa magari madogo na majahazi. Kwa hiyo kiwango cha chini kinapaswa kuwa kimoja kwa Jumuiya nzima ya Afrika Mashariki. Rwanda, ambayo mji wake mkuu ndio uliotoa jina la makubaliano ya Oktoba 2016 ya kupunguza duniani gesi za HFC, zinazotumika kwenye friji na viyoyozi, imekwishajiwekea mkakati wa kitaifa wa vifaa vya kupozea tangu mwaka 2019, nayo haina bandari. Juhudi zake zinategemea kinachoruhusiwa kushushwa pwani.

Je, kiwango cha chini kinamuumiza maskini? Hoja hii inatolewa na watu wenye nia njema, nami nilikuwa mmoja wao. Friji mpya iliyo bora ni ghali kuliko ya mtumba siku ya kununua, hilo halina ubishi. Lakini rudi kwenye ile hesabu ya shilingi 315,000 kwa mwaka. Ukiikusanya miaka miwili au mitatu, pengo la bei linafunikwa, na baada ya hapo mama anabaki na fedha yake. Kinachomzuia ni kwamba hana fedha hizo zote kwa mkupuo, na hilo linatatuliwa kwa malipo ya awamu, si kwa kumwachia friji mbovu.

Ruzuku, ugawaji na ununuzi wa pamoja

Njia ya tatu ndiyo wanasiasa wanaipenda, kwa sababu inapigwa picha. Hapa kuna vitu vitatu tofauti ambavyo watu huvichanganya.

Kugawa bure kunafaa wakati wa dharura. Uganda, baada ya ukame uliopunguza maji ya Ziwa Victoria na kuleta mgao mkali, ilibadilisha takriban balbu 800,000 mwaka 2007 kwa msaada wa Benki ya Dunia, ikapunguza mahitaji ya jioni kwa kiasi cha megawati 30. Ghana mwaka huohuo, maji ya bwawa lake la umeme la Akosombo yakiwa yamepungua vibaya, iligawa taa milioni sita za enejisava bure, ikichukua balbu ya nyuzi mkononi mwa mtu na kumpa mpya, na ikaokoa megawati 124 za saa za jioni. Hakuna mtambo wa umeme unaojengwa kwa miezi michache ukatoa kiasi hicho. Kenya Power nayo iligawa zaidi ya taa milioni moja mwaka 2010.

Hesabu ya taa ni rahisi na kila mtu anaiona: balbu ya wati 60 ikiwaka saa tano kila usiku inakula uniti 9 kwa mwezi, na LED ya wati 9 inakula uniti moja na robo tu na kidogo. Tatizo la ugawaji ni siku taa ya bure inapoungua. Kama dukani bado kuna balbu ya nyuzi ya bei ya chini, mtu anarudi pale pale alipokuwa. Ghana ilifanikiwa kwa sababu ilifuatisha marufuku ya balbu za nyuzi. Bila kizuizi nyuma yake, ugawaji ni ndoo yenye tundu.

Kununua kwa pamoja ni tofauti kabisa na kugawa, na ndiko ninakoona nguvu kubwa isiyotumika kwetu. India ilizindua mpango wa UJALA Januari 2015 kupitia shirika la serikali la EESL. Shirika liliagiza LED kwa mamilioni katika zabuni za pamoja, na bei ya kununulia kiwandani ikaanguka kutoka rupia 310 hadi rupia 38 kwa muda wa miaka miwili hivi. Mwananchi alilipia taa yake, akitaka kwa awamu kidogo kidogo kwenye bili ya umeme. Zaidi ya taa milioni 360 zimesambazwa. Mlipakodi hakubebeshwa bei ya taa, na soko zima likashuka bei, hata la walionunua dukani nje ya mpango. Nafikiria jiko la presha la umeme, ambalo sasa linazungumzwa sana kwa sababu Tanzania imejiwekea lengo la asilimia 80 ya watu kupikia nishati safi ifikapo 2034. Zabuni moja ya nchi tano au sita kwa majiko yenye kiwango kimoja ingeshusha bei kuliko hotuba yoyote.

Kisha kuna kubadilishana: leta friji ya zamani, upunguziwe bei ya mpya. Ghana ilijaribu tangu mwaka 2012, na friji karibu 10,000 zikabadilishwa. Ukizilinganisha na friji zote zilizokuwa nchini, ni tone. Ni njia ya gharama, inahitaji maghala, usafiri na mahali pa kuvunjia friji kitaalamu. Lakini siitupi, kwa sababu moja ambayo lebo na kizuizi haviigusi: friji zilizokwishaingia. Friji za kabla ya katikati ya miaka ya 1990 nyingi zina gesi ya R12 kwenye mabomba na ndugu yake kwenye povu. Kilo moja ya R12 ikitoka hewani inapasha joto dunia zaidi ya mara 10,000 ya kilo moja ya hewa ukaa, na juu ya hapo inatoboa tabaka la ozoni. Friji ya namna hiyo ikiuzwa kwa chuma chakavu, mtu anakata bomba kwa kisu na gesi yote inakwenda. Kwa hiyo ruzuku ya kubadilishana isitolewe bila sharti la kukusanya. Ukimpa mtu punguzo la bei bila kuchukua friji yake kuukuu, ataihamishia kwa shemeji yake kijijini, na sasa nchi ina friji mbili zinazonguruma.

Msamaha wa kodi nautaja kwa ufupi. Unafaa pale tu ambapo kiwango na lebo vimeshakuwepo, kwa kuwa bila hivyo ofisa wa forodha hana namna ya kutofautisha kiyoyozi cha inveta chenye ufanisi na kile kilichoandikwa "inveta" kwenye boksi. Na ule mfumo wa Japani wa tangu mwaka 1998, unaochukua kifaa bora kuliko vyote sokoni na kukifanya shabaha ya wengine wote, ni mzuri kwa nchi yenye viwanda vyake vinavyoshindana. Kwetu hauna wa kumshindanisha.

Ukiwa wewe ndiye unayechagua

Ukiwa na mgao wa umeme leo na fedha ya msaada ipo, anza na taa, badilisha moja kwa moja mkononi, na siku hiyohiyo tangaza tarehe ya mwisho ya balbu za nyuzi. Usianze na friji, hutafika kwa wakati.

Ukiwa nchi ya pwani yenye soko kubwa la mtumba, anza na kizuizi, na uanze na mtumba kabla ya kukaza viwango vya friji mpya. Kukagua kama friji imetumika au haijatumika hakuhitaji maabara: mkaguzi anafungua mlango, anatazama mpira, anasoma tarehe kwenye kompresa. Kupima ufanisi wa friji mpya kunahitaji mashine na watu, na unaweza kuvijenga ndani ya ile miaka ya mpito.

Ukiwa nchi ya bara, nguvu yako iko kwenye meza ya Jumuiya, na kwenye ofisi zako mwenyewe. Serikali ni mnunuzi mkubwa wa viyoyozi, mota za pampu za maji na taa za barabarani. Waraka mmoja unaosema zabuni ipimwe kwa bei ya kununua pamoja na umeme wa miaka kumi unaweza kuanza kutumika mwaka wa fedha unaofuata, bila kusubiri bunge.

Kama lebo tayari unayo, kama Kenya, kazi yako ni kuipa meno: sampuli madukani, faini inayouma, majina ya vifaa vilivyofeli yatangazwe, na uniti za mwaka ziandikwe kwa tarakimu kubwa kuliko nyota. Nimewauliza wateja wangu wengi. Nyota wanazidhani ni za ubora wa jumla, kama za hoteli. Uniti wanazijua, kwa sababu ndizo wanazonunua.

Yule mama wa Mbagala nilimbadilishia mpira wa mlango na kuiweka friza mbali na ukuta ili ipumue. Ikapungua kula, si kwa kiasi nilichotaka. Aliniuliza kama aiuze ili aanze kudunduliza ya kupata mpya, nikamuuliza ataiuza kwa nani. Akanitajia jirani yake, anayefungua kibanda cha maji baridi.